Bujora: Ngoma za Watemi na Watu Wanaozitunza

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, unapita Nyakato na viwanda vyake, unapita Igoma na pilikapilika zake, na baada ya takriban kilomita 20 kondakta anagonga bodi la daladala: "Kisesa! Wa Kisesa sogeeni mlangoni!" Ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Magu. Kuna maduka ya pembejeo, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda kivulini, na akina mama waliopanga mafungu ya dagaa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, ambavyo Usukumani ni akiba ya kiangazi. Nyuma ya mji vinainuka vilima vya mawe makubwa ya kijivu, mawe yaleyale yanayosimama majini kule Mwanza. Huko juu, mwendo mfupi kutoka kwenye lami, ndiko Bujora.

Bujora ni parokia ya Kanisa Katoliki, ni kituo cha utamaduni, na ni Makumbusho ya Wasukuma. Mgeni anayetarajia jengo moja lenye vyumba na makabati ya vioo atakuta kiwanja chenye miti na mawe, na mabanda yaliyotawanyika humo, kila moja na shughuli yake: la watemi, la tiba, la vyama vya ngoma, la mhunzi, na nyumba ya msonge ya familia.

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, lakini kwa muda mrefu habari zao ziliandikwa na wageni na kuhifadhiwa mbali nao. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kuhusu utemi mwaka 1951, na kingine kuhusu sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Nyaraka zake leo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, yakiwa na jina la mfalme wa Uingereza. Mkulima wa pamba wa Magu angefika huko lini, na kwa nauli ipi? Bujora ilisimamia jambo jingine: mali ya Wasukuma ikae Usukumani, mahali ambapo mwenyewe anaweza kuifikia kwa miguu.

Hilo ndilo lililonipeleka. Nilitaka kuona namna makumbusho ya mji mdogo, yasiyo na bajeti ya taifa, yanavyoweza kuvuka zaidi ya nusu karne na bado yakawa na wenyewe.

"Mwangaluka," alinisalimu dada mwongozaji langoni, kwa ile salamu ya asubuhi inayosikika kila mahali upande huu wa ziwa. "Karibu sana Bujora. Tuanzie kwa watemi au kwa mhunzi?"

Nilichagua watemi. Lakini kabla ya kuingia kwao, yafaa kujua mabanda haya yalitoka wapi.

Historia yake huanza na padri mmoja na wazee wengi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Québec nchini Kanada, wa shirika ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wamelizoea kwa jina la White Fathers, alifanya makao Bujora katika miaka ya 1950. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Zama hizo wamisionari wengi waliziona ngoma za kienyeji kuwa mambo ya kishenzi, na Mkristo aliyekwenda kuzicheza alihesabiwa kuwa amerudi nyuma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango kwa lugha na tamaduni za watu ndani ya ibada, ulifanyika kati ya mwaka 1962 na 1965. Clement hakuungoja. Alijifunza Kisukuma, akazipa nyimbo za kanisa mahadhi ya Kisukuma, na katika parokia yake kikazaliwa kikundi cha Bana Sesilia, kilichobeba jina la mtakatifu msimamizi wa muziki na kuimba kwa sauti za nyumbani.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ilikuwa Kamati ya Utafiti ya Wasukuma iliyofanya shughuli zake Bujora. Hiyo ndiyo iliyokuwa jumuiya ya historia ya mji huu mdogo. Ilikusanya methali, vitendawili, hadithi, nyimbo, na habari za mila. Miaka ya baadaye Padri Donald Sybertz, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alifanya kazi bega kwa bega na watafiti wa Kisukuma, na mamia ya methali na hadithi yakaandikwa pamoja na maelezo ya wazee juu ya maana na mahali pa kuzitumia. Mwenye kumbukumbu ndiye alikuwa mwalimu, na mwenye daftari ndiye alikuwa mwanafunzi.

Miongoni mwa hadithi ambazo kila Msukuma aliyelelewa na bibi amezisikia ni ya Masala Kulangwa. Jitu linaloitwa Shing'weng'we liliwameza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Mtoto aliyezaliwa, mvulana mwerevu, alipokua akamwuliza mama yake: watu wako wapi? Akaenda kulisaka lile jitu, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai. Katika kupasua, kisu kilimjeruhi sikio bibi kizee mmoja, naye akakasirika na kumtolea maneno makali mkombozi wake. Kijana akamtafutia dawa, akamponya, na watu wakamfanya kiongozi wao. Ni kipande hicho cha sikio kinachoifanya hadithi iwe ya Kisukuma kweli: aliyeokoa nchi nzima bado anadaiwa na bibi mmoja, na analipa.

Sasa tuingie kwa watemi.

Banda la watemi ndilo jengo linaloonekana kwanza. Limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kikubwa kiasi cha watu kuingia ndani yake. Humo zimewekwa ngoma za tawala za Usukuma, pamoja na viti, mikuki, ngao na mavazi ya enzi, vikifuatana kulingana na tawala vilikotoka. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala takriban 50, kubwa na ndogo, kila moja na mtemi wake: Nera, Bukumbi, Busiya, Ntuzu, Kanadi, Mwagala, na nyingine nyingi. Ngoma ndiyo iliyokuwa alama ya utawala. Wazee wa baraza waliomchagua mtemi na kumsimika waliitwa banang'oma, watoto wa ngoma, na hao hao walikuwa na uwezo wa kumwondoa akishindwa kazi. Katika tawala nyingi zamani mrithi alitafutwa upande wa kike, mtoto wa dada wa mtemi, hadi enzi za ukoloni ambapo urithi ulihamia kwa watoto wa kiume wa mtemi mwenyewe.

Ngoma hizi hazina nakshi nyingi. Ukizisogelea unaona ubao uliochimbwa kwa tezo, alama za makali yake bado zinasomeka. Unaona ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa kamba za ngozi, na katikati ya uso wake doa jeusi linalong'aa, mahali palipogongwa na mikono ya vizazi kadhaa. Siku niliyofika kulikuwa na mzee mmoja aliyeleta wajukuu. Mdogo wao, wa kike, alisimama mbele ya ngoma iliyomzidi kimo.

"Babu, hii ilikuwa inapigwa kwenye harusi?"

"Hapana, mjukuu wangu. Hii haikupigwa ovyo. Ukiisikia, ujue kuna jambo la nchi: mtemi amesimikwa, au mtemi ameondoka."

"Wewe uliisikia?"

"Niliisikia nikiwa mdogo kama wewe. Baba alituambia, nyamazeni."

Katika vitu vya enzi mgeni hukutana pia na bahari. Watemi wa Usukuma na Unyamwezi walivaa kisahani cheupe kilichokatwa kutoka kwenye kombe la konokono wa Bahari ya Hindi. Kombe hilo lilitembea zaidi ya kilomita 1,000 kufika hapa. Karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa misafara ya Bagamoyo. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na makombe. Kifuani pa mtemi wa bara, alama ya ukuu ilikuwa kitu cha pwani.

Mwaka 1963, Tanganyika ilipokuwa na umri wa chini ya miaka miwili tangu Uhuru, sheria ya machifu ilifutwa na utemi ukakoma kuwa sehemu ya serikali. Mtu anaweza kuielewa sababu yake: taifa changa lenye makabila zaidi ya 120 lilitaka mamlaka moja, na baadhi ya machifu walikuwa wametumika kukusanya kodi ya mkoloni. Lakini sheria haikusema ngoma ziende wapi. Kitu kilichokuwa na walinzi, nyumba yake na miiko yake kilibaki ghafla bila kazi. Kingeweza kuliwa na mchwa katika banda la ukoo, au kuuzwa kwa mtalii, au kupasuliwa kuni. Bujora ilikuwepo tayari, ikiwa na watu waliokwisha kuzoeleka kwa wazee, na ngoma zikapata makao. Waliozitunza waliujua uzito wake, na ukiwa humo ndani unahisi hivyo: hakuna kitu kilichowekwa kama pambo.

Septemba 2021 ilionekana wazi kwamba habari ya machifu haikwisha na sheria ile. Machifu wa Tanzania walikusanyika hapa hapa Kisesa katika tamasha la utamaduni, wakamsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wao na kumpa jina la Hangaya. Hawa sasa ni viongozi wa mila, hawana mahakama wala kodi. Kwamba walichagua Kisesa kwa shughuli hiyo hakumshangazi aliyeingia katika banda la kiti cha mtemi.

Kutoka kwa watemi, njia inashuka kwa mhunzi. Hapa pana mivukuto, fuawe na nyundo. Uhunzi Usukumani uliendana na watu wa ukoo wa Balongo, ambao asili ya kazi yao ni upande wa Geita na Uzinza, kwenye mawe yenye chuma. Walichimba, wakayeyusha, wakafua majembe. Jembe la chuma lilikuwa zana, na lilikuwa fedha pia: lilitolewa mahari, likabadilishwa na mbuzi au nafaka, likasafirishwa mbali kwa ajili ya kuuzwa. Mwongozaji alinionyesha namna mivukuto miwili inavyofanya kazi kwa zamu, mkono mmoja ukipanda mwingine ukishuka, ili moto usikose pumzi hata kidogo. Majembe ya viwandani yaliyoletwa na biashara ya kikoloni yaliizima tanuri ya kuyeyushia, na baada ya hapo mafundi wakabaki kufua vyuma chakavu.

Nyumba ya msonge inasema habari za kila siku: vibuyu vya maziwa, vinu, vihenge vya nafaka, vitanda vya fito. Humo wanawake wanaotembelea ndio huongea zaidi. Nilisikia mama wa makamo akimweleza binti yake jinsi maziwa yanavyosukwa ndani ya kibuyu hadi siagi itengane, na binti akamjibu kwamba bibi wa Nyanguge bado anafanya vile. Basi wakabishana kidogo kama kibuyu cha bibi kina mdomo mpana kuliko hiki. Kwenye makumbusho ya mbali kibuyu kingeelezwa kwa kadi. Hapa mgeni anaisahihisha kadi.

Kitu kimoja nisichokitarajia kinahusu hesabu. Bujora imehifadhi namna marika mbalimbali ya Wasukuma yalivyohesabu moja hadi kumi. Hesabu ya kawaida ya Kisukuma inaanza imo, ibili, idatu, na mtu wa lugha yoyote ya Kibantu anaweza kuifuata. Lakini kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia. Fikiria maana yake katika maisha: mtu akihesabu ng'ombe au mafungu ya mtama, msikilizaji alijua mara moja anayeongea ni wa rika gani. Ni elimu ambayo haikuhitaji kitu chochote cha kushikwa kwa mkono, na kwa hiyo ndiyo inayopotea haraka. Ngoma inaweza kusahauliwa darini miaka 50 na bado ikaokotwa. Maneno ya rika yakikosa watu wawili wa kuyasemezana, yamekwisha.

Banda la vyama vya ngoma ndilo lenye moyo wa Usukuma. Kila mcheza ngoma wa hapa, awe anacheza na nyoka, na jembe au na nungunungu, yuko upande mmoja kati ya pande mbili: Bagika au Bagalu. Pande hizi zilianza karne ya 19 na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Simulizi husema kwamba walibishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi, na njia iliyokubaliwa ya kukata shauri ilikuwa kucheza. Kila mmoja alikwenda na watu wake, wakacheza muda uleule mahali pamoja, na mshindi akawa yule aliyevuta watu wengi zaidi.

Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo, na sidhani kuna mashindano ya sanaa yenye haki kuliko haya. Hakuna meza ya majaji. Vikundi viwili vinaanza pamoja, kimoja huku na kingine kule, na watazamaji wako katikati wakiwa huru kutembea. Ukichoshwa huku unahamia kule. Mwimbaji kiongozi, ningi kwa Kisukuma, anaona kwa macho yake watu wakimkimbia au wakimjia. Ndiyo maana wacheza ngoma wa Kisukuma wamekuwa wabunifu wasiokoma: leo wanaleta chatu, kesho wanaleta vinyago, keshokutwa wanapanda miti mirefu na kutembea juu yake. Ndiyo maana pia dawa haikuwa mbali na ngoma. Waganga waliwapa wachezaji dawa ya mvuto, iitwayo samba, ili miguu ya watazamaji ielekee kwao. Asiyeamini dawa bado ataona jambo la wazi: mchezaji anayeingia uwanjani na uhakika wa namna hiyo hucheza vingine.

Vyama vyenyewe vilizaliwa na kazi. Banunguli walikuwa wasakaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba, ambaye huingiwa shimoni kwake. Ngoma yao ni ya watu waliofanya kazi ya hatari chini ya ardhi. Bayeye ni watu wa nyoka. Walijua kuwakamata, kuwafuga na kutibu waliong'atwa, na elimu hiyo waliwafundisha wanachama wao tu, ndani ya nyumba zilizochorwa kutani picha za nyoka, watu na nyota. Michoro hiyo ilimvutia Cory hata akaichapishia kitabu mwaka 1953, na ndani ya mabanda ya Bujora kuta zimeendelea kupakwa na kuchorwa. Bugobogobo nayo ni ngoma ya jembe. Ilichezwa shambani, ngoma kubwa zikigongwa pembeni, ili majembe yapande na kushuka pamoja na shamba la mtu mmoja liishe kwa siku moja. Leo vikundi vya sanaa nchi nzima huicheza jukwaani, jembe likirushwa hewani na kudakwa, na wengi wanaoishangilia Dar es Salaam hawajui kwamba ilianza kama njia ya kupalilia.

Jina ambalo halikosi kutajwa katika banda hili ni la Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936. Alikuwa mcheza ngoma mashuhuri na mganga, na wazee husimulia kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole na kwamba Wajerumani walimkamata kwa kuogopa umaarufu wake. Simulizi za miujiza kila mtu atazipima mwenyewe. Kwa historia, la maana ni kwamba serikali yenye bunduki ilimwogopa mtu ambaye silaha yake ilikuwa kukusanya watu kwa ngoma.

Mikondo hii yote, ya kanisa, ya watemi na ya ngoma, inakutana mwezi Juni katika Bulabo. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Wakatoliki huiadhimisha kwa maandamano na maua, huangukia wakati ambapo mavuno ya Usukuma yameingia na watu wana nafasi. Clement na wazee waliunganisha vitu hivyo viwili, na maua, bulabo kwa Kisukuma, yakawa jina la tamasha zima. Baada ya misa ngoma zinaanza, na kwa siku kadhaa Bagika na Bagalu wanavutana uwanjani. Vikundi vinatoka Magu, Kwimba, Misungwi, na hata mikoa ya Shinyanga na Simiyu. Wanaouza miwa wanauza, wanaouza kanga wanauza, na ugomvi wa nani kashinda mwaka huu unabebwa nyumbani hadi msimu mwingine.

Ukitaka kujua padri yule aliwaza nini, ingia kanisani. Limefuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Altare imechongwa kwa mfano wa kiti cha utemi. Tabernakulo, sanduku la ekaristi, ni nyumba ya mtemi, na mlangoni pake pana ngao na mikuki iliyopishana, ishara ya Kisukuma kwamba mwenye nyumba yumo. Muumini wa hapa hakuhitaji kufundishwa kwa katekisimu ya kigeni kwamba mbele yake pana enzi. Mtu anaweza kujadili kama mmisionari ana haki ya kuchukua alama za dini na utawala wa watu na kuzitia katika ibada yake, na mjadala huo ni wa haki. Lakini walioketi kwenye mabenchi ya Bujora kwa vizazi vitatu sasa wanaziona kuwa zao mara mbili.

Upande wa Kenya wa ziwa hili kuna ndugu wa Bujora. Kisiwani Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, Waabasuba wana makumbusho yao ya amani ya jamii, yanayotunza michoro ya kale ya duara nyekundu na nyeupe kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone, pamoja na lugha yao ya Olusuba iliyokuwa ikimezwa na Kijaluo. Vitu ni tofauti, ila mpango ni uleule: wenye mali ndio walinzi, na mgeni anaongozwa na mtu aliyekulia hapo. Nchi zetu zimewekeza sana katika makumbusho makubwa ya miji mikuu. Haya madogo ndiyo yanayokutana uso kwa uso na wenye kumbukumbu, na yanastahili fungu lao katika bajeti za halmashauri, kuanzia paa na rangi hadi mshahara wa mwongozaji.

Mahitaji yenyewe ni ya kawaida na hayaishi. Ngozi ya ngoma huliwa na wadudu. Mbao hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Michoro ya kutani inahitaji mkono unaoijua, maana mpaka rangi wa kawaida ataifuta kwa nia njema. Viingilio vya wageni na vikundi vya shule husaidia, lakini mji mdogo hauna watalii wa kila siku. Wengi hupita Mwanza wakienda Serengeti bila kukunja kona ya Kisesa.

Lililo la haraka kuliko paa ni umri. Mtu aliyekuwa na miaka 20 utemi ulipofutwa mwaka 1963 sasa amevuka 80. Huyo ndiye wa mwisho aliyeona kwa akili ya utu uzima mtemi akisimikwa kisheria, akasikia ngoma ikilia kwa sababu yake halisi, akahesabu kwa maneno ya rika lake mbele ya wenzake. Miaka kumi ijayo atakuwa ametuacha. Kamati ya Clement na wazee ilifanya kazi kwa daftari na kalamu, kijiji hadi kijiji. Leo kila kijana wa bodaboda pale Kisesa ana simu inayorekodi sauti na picha. Kinachohitajika ni kuifufua ile kamati kwa watu wa sasa: walimu wa historia wa sekondari za Magu, makatekista, maningi wa Bagika na Bagalu, na wanafunzi wanaotumwa kwa mabibi na mababu zao wakiwa na maswali yaliyoandaliwa. Shule ikitoa zoezi hilo kila likizo ya Juni, Bujora itapokea kwa mwaka mmoja simulizi nyingi kuliko watafiti wachache wanavyoweza kukusanya kwa miaka.

Tarehe ya Bulabo hufuata Pasaka, kwa hiyo husogea kila mwaka, lakini ukilenga Juni na kuulizia mapema parokiani hutakosa. Mabanda yenyewe unaweza kuyatembelea wakati mwingine wowote. Nusu siku inatosha kwa haraka, na siku nzima ni bora kama unapenda kusikiliza. Daladala za Kisesa ni nyingi kutoka Mwanza, na bodaboda yeyote wa stendi ataijua njia ya kupanda mlimani. Na kama una babu aliyewahi kucheza upande wa Bagalu, au bibi anayekumbuka hesabu ya rika lake, usimwache nyumbani. Mwambie dada wa langoni kwamba umemleta, naye atatafuta kiti na mtu wa kuandika.